Kadi Tisa za Lubala

Saa saba na robo mchana Tusekile Mwasomola aliweka alama ya msiba kwenye mtaa wa Lubala. Alikuwa ameshaiweka kwa mitaa mingine mara thelathini na moja, na haikuwahi kumletea shida.

Alama yenyewe haikuwa kwenye mwongozo wowote wa kampuni. Mafundi wa Tukuyu waliitunga wenyewe. Mtaa ukifiwa, majirani huzima televisheni na redio, na waya wa mtaa hubaki mtupu. Wakati huohuo waombolezaji humiminika na simu zao mifukoni, na mnara wa karibu huelemewa. Basi fundi wa zamu hulilaza tawi la waya la mtaa ule, huchukua kadi zake na kuupa mnara, mpaka matanga yaanuliwe.

Jambo hilo liliwezekana kwa sababu ya Chumba cha Pamoja. Zamani kampuni ya waya ilikuwa na mitambo yake, na kampuni ya simu ilikuwa na yake. Sasa ishara zote, za waya na za hewani, zililetwa zikiwa ghafi kwenye chumba kimoja chenye kadi arobaini na nane, na kila kadi iliweza kuzisafisha na kuzisoma za upande wowote. Kadi iliyokuwa ikipeleka mpira sebuleni kwa mtu ingeweza, sekunde iliyofuata, kubeba simu mia moja za watu walioko barabarani. Kazi ya Tusekile ilikuwa kugawa.

"Umeniibia kadi tisa," alisema Gwakisa, fundi wa waya, bila kugeuka kwenye meza yake. Alikuwa na miaka hamsini na minane, na alianza kupanda nguzo za waya kabla Tusekile hajaanza shule.

"Nimezikopa, kaka."

"Watu wa hewani hamjui kukopa. Mnajua kuchukua."

"Ni mazishi ya Mwalimu Anyisile. Ulitaka watu elfu moja wakose mtandao?"

"Alinifundisha darasa la nne," Gwakisa alisema. "Alinichapa miezi sita kwa ajili ya mwandiko."

Tusekile alitupa jicho kwenye mwandiko wa Gwakisa katika daftari la zamu lililokuwa mbele yake. "Mungu amrehemu. Alijitahidi."

Gwakisa alicheka kidogo, kisha akanyamaza kwa heshima ya marehemu. Nje mvua ilikuwa siku ya tano haijakatika.

Kwenye kioo Tusekile aliuona msiba kwa namna yake: simu elfu moja na mia mbili kwenye eneo dogo kuliko uwanja wa shule. Mnara wa Lubala ulikuwa umekula kadi kumi na mbili. Kadi moja nzima kati ya hizo ilikuwa ya mtu mmoja, Ambilikile, mwana wa pekee wa marehemu, aliyekuwa akifanya kazi Norwei na hakupata ndege. Alihudhuria kwa uwepo. Umbo lake la mwanga, lenye suti nyeusi, lilisimama kando ya kaburi la mama yake nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Aliona, alisikia, na watu walimpa pole usoni. Uwepo wa mtu mmoja ulimeza kadi moja, lakini hakuna aliyewahi kulalamika kwamba mtoto anamzika mama yake kwa gharama kubwa mno.

*

Saa nane na dakika nne kilima cha Isuba kiliporomoka.

Nyapara wa shamba la chai ndiye aliyepiga, akihema. Wachumaji walikuwa wamejikinga mvua kwenye banda la kupimia majani. Udongo ulishuka na kulifunika banda na eneo linalolizunguka. Watu kumi walikimbia wakaokoka. Mmoja hakuonekana: Subilaga, msichana wa mizani.

"Ana simu?" Tusekile aliuliza.

"Anayo. Anaivaa shingoni. Tumeipiga haiiti."

"Msiendelee kuipiga, mzee. Mtamaliza chaji yake. Niachie mimi. Na simu zenu ziwekeni mbali na udongo."

Kila simu iliyo hai husema "nipo" kwa mnara, hata ikiwa imetulia mfukoni. Chini ya mita tatu za udongo uliolowa, "nipo" hiyo hutoka imefifia kiasi kwamba hakuna mnara unaoisikia. Imezama chini ya ukelele wa hewa yenyewe. Lakini ukelele hubadilika kila mara, na "nipo" haibadiliki. Ukizijumlisha "nipo" elfu kumi kutoka minara mitatu kwa mpangilio mmoja, ukelele hujifuta na sauti ile ndogo hubaki. Mafundi waliita kazi hiyo kusikiliza kwa kina. Ilihitaji kadi ishirini na sita kwa dakika ishirini na tano, bila kukatizwa. Kadi moja ikitoka katikati, hesabu huvurugika na kuanza upya.

"Wakichimba bila kujua pa kuchimba?" Gwakisa aliuliza. Alikuwa amesogea na kusimama nyuma yake.

"Eneo ni kama kiwanja cha mpira. Watafika kesho."

Tusekile alikusanya: kadi zote zilizokuwa hazina kazi, kisha za simu za mji mzima akibakiza za dharura tu, kisha za waya. Mitaa tisa ilipoteza televisheni kwa mpigo mmoja. Upande wa waya aliacha kadi nne, za hospitali na za nyumba zenye ulinzi. Hizo ni nyumba zenye mashine za wagonjwa zinazoongozwa kutoka Mbeya, na orodha yake hufunguka yenyewe kabla ya kadi yoyote ya waya kuguswa. Aliisoma jina kwa jina, kama alivyozoea. Nyumba zote zilikuwa na mwanga wa kijani.

Aliugusa msiba mwisho, na akaamua kuuacha. Kadi ishirini na sita zilikuwa zimetimia bila ya hizo kumi na mbili.

Saa nane na dakika kumi na moja, kusikiliza kulianza.

*

Dakika ya tisa simu ya mezani iliita. Alikuwa Nesi Tumsifu, wa wodi ya mashine za nyumbani kule Mbeya.

"Dada, namba ishirini na saba simwoni. Tangu saa saba. Nilidhani ni mvua."

"Ishirini na saba ni nani?"

"Mzee Ipyana. Mapafu. Yuko huko kwenu Lubala."

Tusekile aliirudia orodha ya nyumba zenye ulinzi. Jina la Mzee Ipyana halikuwemo. Aliinua macho akamtazama Gwakisa, na Gwakisa, ambaye alikuwa amelisikia jina la mtaa, alikuwa tayari anafungua kumbukumbu za waya. Alisoma. Kisha akavua miwani.

"Laini ni ya mkewe," alisema. "Mwalimu Anyisile. Alijiandikisha yeye."

Miaka miwili nyuma, kwenye matanga ya mama mmoja wa Bulyaga, kioo cha sebuleni kiliwaka chenyewe na kumsalimu marehemu kwa jina, na kumuuliza kama amelala vizuri. Wanawake waliokuwa wamekaa kwenye mikeka walipiga mayowe. Tangu siku hiyo mafundi waliongeza hatua moja kwenye alama ya msiba: jina la aliyefariki linafutwa kwenye orodha zote, ili mtambo usije kumwita. Hatua hiyo aliiandika Tusekile mwenyewe. Watu waliisifu. Na leo saa saba na robo alipomfuta Mwalimu Anyisile, ulinzi uliokuwa umeandikwa kwa jina lake ulifutika pamoja naye, na waya uliompa mume wake hewa ukalazwa kwa heshima ya msiba.

"Anaendeleaje?" alimuuliza nesi, na sauti yake ilikuwa ya chini.

"Ndiyo nakwambia simwoni. Nimempigia kwa laini ya dharura dada yake anayekaa naye chumbani, amenisomea kioo cha mashine. Oksijeni kwenye damu ni themanini na mbili. Asubuhi alikuwa tisini na moja. Mashine imeshikilia kipimo nilichoacha saa saba, na kipimo hicho hakimtoshi tena."

"Dada yake hawezi kukipandisha?"

"Haina kitufe. Ziliundwa hivyo ili ndugu wasizichezee. Anapandisha mtu wa huku tu, kwa waya."

"Ana muda gani?"

Nesi alifikiri. "Akishuka chini ya sabini na tano, moyo wake siwezi kukuahidi. Nipe waya ndani ya dakika nane."

Gwakisa alikuwa ameshapiga hesabu. "Kuliamsha tawi ni dakika tatu," alisema. "Na Lubala ni waya wa zamani. Mvua imeingia kwenye maungio, kelele za nyumba mia tatu zinamiminika sehemu moja. Huwezi kumwamsha yeye peke yake. Unasafisha tawi zima au humpati. Kadi tisa, na hazitoki mpaka mvua ipungue."

Kadi tisa. Tusekile alitazama kioo. Ishirini na sita zilikuwa zinamsikiliza Subilaga, na mstari wake ulikuwa bado ukungu mtupu. Zilibaki dakika kumi na tano. Sita zilishikilia simu za dharura, zikiwemo za wachimbaji. Nne zilikuwa na hospitali na wagonjwa wengine. Akichukua tisa za kusikiliza, Mzee Ipyana angepumua, na hesabu ya msichana ingeanza upya, kwa kadi chache, kwa muda usiojulikana.

"Yule mzee tumemkosea sisi," Gwakisa alisema taratibu. "Huyu binti amekosewa na mvua."

"Najua."

"Sisemi umchague. Nasema tu."

"Najua, kaka." Aliweka kidole kwenye safu ya mwisho. "Msiba. Kadi kumi na mbili. Simu zikizimwa zote, mnara unabaki na ngapi?"

"Tatu za kuushikilia wenyewe. Nao ni mmoja wa ile mitatu inayomsikiliza binti, hauwezi kufa." Gwakisa alihesabu kwa midomo. "Na moja ya yule kijana. Utapata nane."

"Nikituma ujumbe hawatausoma. Wako kaburini."

"Basi piga."

*

Mwenyekiti wa kamati ya mazishi alikuwa Mzee Mwaijande. Alipokea baada ya mlio wa saba, na nyuma yake kulikuwa na wimbo.

"Shikamoo, mzee. Naitwa Tusekile, fundi wa mtandao, mjini."

"Marahaba. Mwanangu, tunashusha jeneza."

"Naomba uwatangazie watu wazime simu. Wazizime kabisa, sasa hivi."

Wimbo uliendelea. "Watu wametoka Dar es Salaam," alisema mzee. "Wengine wanawaonyesha ndugu walioko nje. Unataka niwaambie wafiwa wafumbe macho?"

Angeweza kusema mnara unakaribia kuharibika. Ingekuwa rahisi, na angeaminiwa. Tusekile alilifikiria neno hilo, akaliacha.

"Mzee Ipyana yuko chumbani na mashine yake haina waya," alisema. "Nimeikata mimi, kwa kosa, nilipoulaza mtaa wenu. Hewa inampungukia. Kule Isuba kuna binti amefukiwa na udongo, na mitambo mingine yote inamtafuta. Simu zenu zikizimwa, nitapata nafasi ya kumrudishia mzee waya bila kumwacha binti."

Kisha mzee aliuliza, "Mzee Ipyana mwenyewe anajua?"

"Sijui, mzee."

Tusekile alisikia simu ikishushwa, wimbo ukikatika kipande kipande, halafu sauti ya Mzee Mwaijande kwenye kipaza sauti, bila haraka: wafiwa, zimeni simu, kila mmoja, na aliye karibu na asiyesikia amsaidie. Hakutoa sababu. Labda ndiyo maana walitii.

Idadi ilianza kushuka. Elfu moja na tisini. Mia saba. Mia tatu na arobaini. Gwakisa alizipokea kadi kila zilipoachiliwa, akizihesabu kwa sauti kama mtu anayepokea matofali. "Tano. Sita. Saba." Simu ishirini na mbili zilibaki, kisha tisa, kisha sita. "Nane."

Halafu hakuna nyingine.

"Sabini na tisa," alisema Nesi Tumsifu kwenye simu nyingine.

Tusekile alikuwa na uwezo wa kuukata uwepo wa mtu kwa kidole kimoja. Hakuwa na ruhusa ya kufanya hivyo, lakini ruhusa haikuwa ikimsumbua. Alimwona kwenye kioo kama nukta moja ya buluu karibu na kaburi. Alifungua njia ya sauti kwake peke yake.

"Kaka Ambilikile, pole sana. Mimi ni fundi wa mtandao. Nahitaji kadi unayotumia kumrudishia baba yako hewa. Mashine yake imekatika."

Alisikia mtu akivuta pumzi kule mbali. "Baba? Yuko wapi sasa?"

"Chumbani, na shangazi yako."

"Ana muda gani?"

Alimpa hesabu yote, kwa sababu alistahili kuipata. "Kama dakika tano. Tatu kati yake ni za kuuamsha waya."

"Kaburi linaingia maji," Ambilikile alisema. "Hawawezi kunisubiri. Nikirudi watakuwa wameshafukia." Alikuwa anaongea kama anayejiambia mwenyewe. "Mimi ndiye natupa udongo wa kwanza. Binamu yangu ameushika, anasubiri nimwambie. Nipe sekunde arobaini."

Tusekile alitazama saa ya ukutani.

"Arobaini," alisema.

Hakuisikia sala aliyoisema Ambilikile. Aliifunga njia ya sauti kwa sababu haikuwa yake kuisikiliza. Alitazama mshale wa saa. Kwenye sekunde ya kumi na nane nesi alisema, "Sabini na saba." Kwenye ya thelathini alisema, "Sabini na tano, dada, anashuka haraka kuliko nilivyodhani. Dada yake anasema vidole vimekuwa vya buluu." Mkono wa Tusekile ulikuwa juu ya kioo. Aliuacha hapo. Kwenye sekunde ya thelathini na tisa nukta ya buluu ilizimika yenyewe.

"Tisa," alisema Gwakisa, na akaanza kuliamsha tawi.

Dakika tatu ni ndefu. Kelele za Lubala ziliingia kwanza, zikijaza kioo kama majani makavu, nyumba mia tatu zenye maungio yaliyolowa. Gwakisa alizipunguza moja baada ya nyingine, mkono mmoja kwenye kioo na mwingine ukiwa umekamata ukingo wa meza. Nesi alikuwa akisoma namba. Sabini na nne. Sabini na mbili. Kisha aliacha kuzisoma.

"Ninaye," alisema Nesi Tumsifu hatimaye. "Namwona. Nampandishia." Na baada ya muda ambao hakuna aliyeupima: "Sabini na sita. Themanini."

Gwakisa alikaa chini.

Kwenye kioo cha pili ukungu ulikuwa umeanza kukusanyika kuwa doa. Saa nane na dakika thelathini na sita doa lilikuwa nukta, na Tusekile alimsomea nyapara hatua kwa hatua: kutoka kwenye nguzo ya umeme iliyosimama, hatua kumi na nne kuelekea mtoni, tatu kulia. Walichimba kwa majembe na mikono kwa saa moja na nusu. Subilaga alikuwa chini ya meza ya mizani. Meza ilikuwa imebeba udongo wote, na mguu wake mmoja ulikuwa umevunjika. Alipotolewa aliuliza kama majani ya asubuhi yameshapimwa.

*

Siku ya tatu, matanga yalipoanuliwa, Tusekile alikwenda Lubala kwa miguu. Aliwapa pole wanawake waliokuwa wakikunja mikeka, akamweleza Mzee Mwaijande kosa lake lote tangu mwanzo, na mzee akamsikiliza mpaka mwisho kisha akamwonyesha mlango wa chumba cha ndani.

Mzee Ipyana alikuwa ameketi kitandani, mto mgongoni, mrija puani. Dirisha lake lilitazama migombani. Alikuwa mwembamba, na aliongea kwa vipande, akingoja hewa kati ya kipande na kipande.

"Nilikuwa naona kaburi kutoka hapa," alisema. "Mwanangu alikuwa amesimama pale. Akatoweka. Nilidhani na yeye nimempoteza."

"Nisamehe, baba." Tusekile alikaa kwenye kigoda na kumweleza. Hakuacha kitu: alama, jina la mkewe, orodha, binti wa mizani, simu zilizozimwa. Alipofika kwenye sekunde arobaini alisita, kisha akazisema nazo. "Aliziomba. Nikampa. Ulikuwa unashuka, nikampa."

Mzee aliutazama udongo mpya nje. Ulikuwa umeshaanza kukauka juu.

"Ulimuuliza Mwaijande," alisema.

"Ndiyo, baba."

"Ukamuuliza mwanangu."

"Ndiyo."

"Hewa ilikuwa ya nani?"

Ndipo Tusekile alipokumbuka. Simu ya dada ya mzee ilikuwa wazi chumbani humu muda wote ule, mikononi mwa mtu aliyekuwa akisoma namba za kioo cha mashine. Ilikuwa umbali wa mkono kutoka kwenye sikio la mzee. Hakuna aliyefikiria kumsogezea.

"Akili ninazo," Mzee Ipyana alisema. "Miguu ndiyo sina. Ungeniuliza."

"Ungesema nini, baba?"

Mzee alingoja hewa. Ilichukua muda, na safari hii Tusekile hakutazama kioo wala saa, alimtazama yeye.

"Ningekwambia umwache mwanangu mpaka wamalize kufukia," alisema. "Ungekataa?"

Alitaka kusema hapana. Kisha alitaka kusema ndiyo.

"Sijui, baba," alisema.

Mzee Ipyana aliitikia kwa kichwa, kama mwalimu aliyepewa jibu ambalo si sahihi lakini ni la kweli, akamwashiria asogeze kigoda karibu na kitanda.